Mkandarasi anasema hajawahi kupata ajali: nitamwaminije kabla sijamkabidhi paa langu?

Swali: Msomaji wetu anaishi Dodoma na anajenga Kigamboni, nyumba ya vyumba vinne ambayo boma lake limefika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha na milango. Mdogo wake wa kiume ndiye anayesimamia. Amepata makadirio matatu ya kupaua. Mkandarasi mwenye bei nafuu kuliko wenzake amemtumia picha ya cheti cha CRB, bodi inayosajili makandarasi, kwa WhatsApp na kumhakikishia kwamba ana miaka 12 kazini bila ajali hata moja. Lakini jirani amemdokeza kuwa mwaka juzi kuna kijana alianguka kwenye saiti ya mkandarasi huyo huyo, Mbagala. Anauliza: "Nitajuaje kama cheti ni cha kweli? Na hilo la ajali linanihusu mimi, au ni mambo yake na watu wake?"

Jibu: Dada yangu, hongera kwa kulifikisha boma kwenye linta. Wengi wanaishia hapo, miaka inapita na nyasi zinaota vyumbani.

Nianze na swali lako la mwisho, maana naona umeliuliza kwa kusitasita. Ajali ya yule kijana inakuhusu. Inakuhusu kwa ubinadamu, na hilo halihitaji maelezo. Inakuhusu pia kwa sababu kijana akianguka kwako, ndugu zake hawatahangaika kumtafuta mkandarasi wasiyejua analala wapi. Watakuja kwenye boma, kwa kuwa boma halihami. Halafu kuna jambo ambalo mimi mwenyewe lilinichukua miaka kulielewa: mtu anayewapandisha vijana juu bila kujali wakidondoka itakuwaje ndiye huyo huyo anayepigilia msumari mahali pasipo na mbao chini yake, akijua hakuna atakayepanda kuuona. Katika miaka yote ya kukagua mapaa, sijawahi kukuta saiti ya ovyo na ya hatari iliyotoa paa lililotulia.

Watu hudharau nyumba ya chini, wanaona hatari iko kwenye maghorofa. Jengo lilipoporomoka Kariakoo Novemba 2024, nchi nzima ilizungumza habari za makandarasi, na ilistahili. Lakini linta ya nyumba yako iko kama mita 3 kutoka ardhini, na kileleni kwenye kofia, pale pande mbili za paa zinapokutana, inaweza kufika mita 5. Mtu akidondoka mita 3 anafika chini kabla sekunde moja haijaisha, kwa mwendo unaokaribia kilomita 28 kwa saa. Ni sawa na kurushwa kutoka kwenye bajaji iliyo mwendoni. Na chini kwenye saiti hakuna nyasi. Kuna tofali, kokoto na vipande vya nondo vilivyochomoza.

Sasa cheti. Picha uliyotumiwa haikuthibitishii kitu. Inawezekana ni ya kweli, inawezekana ni ya mwaka ambao umeshapita, inawezekana ni ya mtu mwingine kabisa. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, yaani CRB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na daftari lake la makandarasi liko wazi kwenye tovuti yao. Andika jina la kampuni kama lilivyo kwenye picha, herufi kwa herufi, uone linatokea. Likitokea, usifunge hapo hapo kwa furaha. Soma usajili wake ni hai au umesimamishwa, kisha soma aina na daraja.

Aina ndiyo wengi wanairuka. CRB inasajili makandarasi wa majengo, wa kazi za kihandisi kama barabara na madaraja, wa umeme, wa mitambo, na wale wa kazi maalumu. Mtu anaweza kuwa na cheti safi kabisa cha kuchonga barabara na asijue kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, inakaaje. Kwako unamtaka wa majengo, au wa kazi maalumu inayohusu mapaa. Daraja lisikutishe. Makandarasi wa majengo wana madaraja 7, la kwanza likiwa la makampuni makubwa, na kila daraja lina ukomo wa thamani ya kazi. Kwa nyumba ya kuishi daraja la saba linakutosha, na mara nyingi huko ndiko unakomkuta mwenye kampuni amesimama mwenyewe saiti na futi yake mkononi. Mimi ningemchagua huyo kuliko kampuni kubwa itakayokutumia mtu wa tatu.

Hapo kwenye mtu wa tatu ndipo penye mtego mkubwa. Vyeti vinakodishwa. Mtu hana usajili, anamwendea mwenye kampuni, anampa chochote, anaruhusiwa kutumia makaratasi yake kuombea kazi. Cheti ni halali, muhuri ni halali, ila anayekuja kwako si yeye. Dawa yake ni kulinganisha majina manne: lililoko kwenye daftari la CRB, lililoko kwenye makadirio uliyopewa, lililoko kwenye risiti ya EFD atakayokupa, na la akaunti ya benki unakoambiwa uweke pesa. Yote manne yawe jina moja. Ukiambiwa "mama, tuma tu kwenye namba hii ya simu" na jina linalotokea ni la mtu binafsi usiyemjua, simama hapo hapo. Kisha ulizia mawasiliano ya kampuni kwenye ofisi ya kanda ya CRB, usitumie namba iliyo kwenye kadi uliyopewa, upige na kuuliza swali moja: "Kuna kazi ya kupaua mnayoiombea Kigamboni?" Mwenye kampuni halisi atakujibu papo hapo.

Ukiwa na ofisi hiyo kwenye simu, waulize pia kama kampuni hiyo imewahi kuchukuliwa hatua. Bodi ina mamlaka ya kumsimamisha mkandarasi na hata kumfuta. Usione haya kuuliza, Bodi ilianzishwa ili kumlinda mtu kama wewe.

Usajili wa kampuni wa BRELA, namba ya mlipa kodi (TIN) na leseni ya biashara ni vizuri ziwepo, na ni dakika chache kuziangalia. Zinakwambia kampuni ipo na inajulikana na mtoza kodi. Kuhusu mikono yake hazisemi lolote, kwa hiyo sitakaa hapo.

Nitakaa kwenye karatasi mbili ambazo kati ya wateja 20 labda mmoja huziomba.

Ya kwanza ni ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Sheria yake ni ya 2008 na mfuko ulianza kazi mwaka 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Mfanyakazi akiumia kazini mfuko unabeba matibabu na fidia ya ulemavu, na akifariki unawalipa wategemezi wake. Mwombe mkandarasi cheti cha usajili wa WCF, halafu mwombe ushahidi wa mchango wa mwezi uliopita, maana kujisajili ni jambo moja na kuchangia ni lingine. Kisha muulize swali ambalo huwa linawakosesha wengi pumzi: "Umewaandikisha watu wangapi, na ni wangapi kati yao watakaopanda kwangu?" Nimeshaona kampuni iliyoandikisha karani na dereva, huku vijana sita wanaotembea juu ya mbao kila siku ni vibarua wa kuokotwa kijiweni asubuhi, hawamo popote. Orodha ya aina hiyo inawalinda wanaokaa chini. Taka majina ya watakaopanda.

Ya pili ni ya OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, wanaosimamia sheria ya 2003. Sehemu ya kazi inatakiwa isajiliwe kwao, na wana wakaguzi na mafunzo, yakiwemo ya kufanya kazi maeneo ya juu na ya huduma ya kwanza. Omba vyeti vya mafunzo hayo, usome majina. Cheti cha kufanya kazi maeneo ya juu chenye jina la meneja anayeshinda ofisini hakimsaidii aliyeko kwenye kenchi.

Usitegemee kwamba mahali fulani utakuta orodha ya ajali za kila mkandarasi ikikusubiri uisome. Rekodi yake ya usalama iko kwenye saiti anayofanyia kazi leo, na hiyo inasomwa kwa macho. Ngoja nikueleze kwa nini nang'ang'ania macho.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado msaidizi wa mhandisi, nilitumwa kuangalia nyumba ya mwalimu mstaafu, mama wa watu, nje kidogo ya jiji. Ilikuwa kama saa tano asubuhi, upepo wa baharini umeshaanza kuchangamka. Kijana wa miaka 19 alikuwa amesimama juu ya papi, zile mbao zinazopigiliwa mabati, akipokea bati la mita 3 kutoka kwa mwenzake aliyekuwa chini. Miguuni alikuwa amevaa yeboyebo. Niliziona. Nakumbuka nilisema moyoni kwamba nitamwambia fundi mkuu wakishuka kula. Upepo ukaingia chini ya lile bati, likafura kama tanga, na yule kijana badala ya kuliachia akalikumbatia, kwa sababu alishaambiwa bati likiharibika linakatwa kwenye posho yake. Akaenda nalo. Aliangukia rundo la tofali. Yeboyebo moja ilibaki juu, imenasa kwenye kichwa cha msumari.

Mkandarasi alizima simu siku ile ile. Tulipofuatilia cheti tukakuta kampuni ni halali kabisa, ila mwenye nayo hakuwa akijua hata saiti ile iko mtaa gani; makaratasi yake yalikuwa yamekodishwa. WCF ilikuwa bado haijaanza. Mwalimu aliuza mabati yaliyobaki kulipia hospitali. Kijana aliishi, lakini hakutembea tena, na nyumba ile ilikaa miaka minne mingine bila paa. Tangu hapo sijawahi kuona yeboyebo juu ya mbao nikasubiri wakati wa kula.

Kwa hiyo mwambie mkandarasi akutajie saiti anayopaua sasa hivi, halafu mdogo wako aende siku ambayo hakuahidi kwenda. Aende saa nane mchana, jua likiwa limechoma mabati na watu wamechoka, maana asubuhi kila saiti ina adabu. Asiende na maswali mengi. Asimame tu aangalie.

Kwanza aangalie mguu wa ngazi. Ngazi iliyosimamishwa vizuri, kwa kila mita 4 za kupanda mguu wake unatoka ukutani mita 1. Juu imefungwa kwa kamba, haikuegemezwa tu, na imechomoza kama mita 1 kupita pale mtu anaposhukia, ili anayepanda apate pa kushika. Ngazi ya vipande vya mbao vilivyopigiliwa asubuhi ile ile, imeegemea ukuta na hakuna aliyeishika, hiyo inatosha kukwambia mengi.

Kisha aangalie jukwaa. Kupaua kingo za paa kunataka mahali pa kusimama. Mirunda si dhambi. Jukwaa la mirunda lililofungwa vizuri, lenye mbao za kukanyagia zisizocheza na mti wa kuzuia mgongo usipitilize, linafanya kazi yake. Linalonitia wasiwasi ni pipa juu ya pipa, ubao mmoja katikati.

Juu ya mikanda ya usalama nataka uelewe jambo moja, kwa sababu wakandarasi wajanja huitumia kuwapendeza wateja. Mkanda si pambo. Una maana pale tu kamba yake imefungwa kwenye kitu kinachoweza kubeba mtu anayeanguka, na kamba hiyo ni fupi kiasi kwamba atasimama hewani kabla hajafika chini. Kwenye ukingo wa nyumba ya mita 3, kamba ya karibu mita 2 pamoja na urefu wa mtu mwenyewe inamfikisha ardhini akiwa bado ameivaa. Pale kinachookoa ni jukwaa lenye kizuizi. Kwa hiyo mdogo wako akiona mkanda, afuate kamba kwa macho mpaka mwisho wake aone imefungwa wapi. Mara nyingi atakuta imening'inia haijafungwa popote.

Aangalie pia waya wa umeme unaoingia nyumbani. Bati la mita 6 likigeuzwa vibaya juu linafikia waya kabla mshikaji hajajua. Mkandarasi anayejua kazi huwa ameshawasiliana na TANESCO, au amewapangia vijana upande wa kupandishia mabati ulio mbali na waya. Na aulize: upepo ukizidi mnafanyaje? Jibu linalotakiwa ni fupi, kwamba mabati hayapandishwi.

Halafu akale kwa mama ntilie aliye karibu na saiti. Hili nalisema kwa dhati. Saidia fundi akiwa na sahani ya ubwabwa mbele yake husema ambayo bosi hasemi. Wamelipwa wiki hii? Mwenzao akiumia nani anampeleka hospitali? Viatu wanapewa au wanajinunulia? Kuna sanduku la huduma ya kwanza, na ufunguo anao nani? Vijana wasiolipwa kwa wakati wanafanya kazi kwa haraka na kwa njaa, na njaa juu ya paa inaua.

Baada ya hapo omba nyumba moja aliyoipaua miaka 5 iliyopita, na iwe upande wa bahari. Kigamboni yako ina hewa ya chumvi, na chumvi haina huruma na bati jepesi wala na msumari wa bei rahisi. Simama mbali kidogo uangalie kofia. Ikiwa imenyooka kama uzi, kenchi zilikaa sawa. Ikiwa inapanda na kushuka kama mawimbi, mbao zilikuwa mbichi au kenchi zilipangwa mbalimbali mno. Mwombe mwenye nyumba, kwa heshima, mdogo wako achungulie juu ya dari. Akizima tochi akaona vitone vya mwanga kama nyota, hayo ni matundu ya misumari iliyokosea mbao ikang'olewa. Aangalie kama kuna michirizi ya maji kwenye kenchi. Na amuulize mwenye nyumba kama kuna aliyeumia wakati wa kazi. Wenye nyumba hawasahau.

Kwa msomaji mwingine anayeezua paa la zamani, niseme neno hapa. Nyumba nyingi za miaka ya 1970 na 1980, na majengo kadhaa ya taasisi, yana vigae vya asbesto, vile vya kijivu vinavyofanana na saruji. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba asbesto za aina zote husababisha saratani, na hatari iko kwenye vumbi lake zikivunjwa au kukatwa. Mkandarasi akikwambia "tutazipiga nyundo tuzishushe tu," usimpe kazi hiyo, hata kama karatasi zake zote zimenyooka.

Turudi kwako. Una makadirio matatu na moja ni nafuu sana. Yaweke mezani, yasome mstari kwa mstari. Bei hujificha sehemu chache. Geji ya bati: kumbuka namba ikikua bati linakuwa jembamba, kwa hiyo geji 32 ni nyepesi kuliko geji 30, na geji 28 ni nene kuliko zote mbili. Makadirio yanayosema "bati la msauzi, rangi" bila kutaja geji hayajasema kitu. Mbao: zimeandikwa za dawa? Atakubali kukata kipande mbele ya mdogo wako? Dawa iliyoshindiliwa kwa mashine huonekana imeingia ndani ya mbao, ile iliyopakwa kwa brashi inaishia kwenye ngozi. Umbali wa kenchi hadi kenchi. Na tafuta mstari wa jukwaa. Kama kwenye makadirio hakuna pesa ya jukwaa, basi halitakuwepo, na tofauti ya bei uliyoifurahia ni mwili wa kijana wa mtu.

Muulize pia: "Kenchi zangu utazifunga vipi kwenye linta?" Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu Mei 2024, Mafia walikiona kwa macho, na sisi wa Dar es Salaam tulipata mvua na upepo. Upepo haulisukumi paa chini, unalinyanyua. Fundi anayejua atakueleza habari za nondo au vyuma vilivyoachwa kwenye zege la linta ili vikamate mbao ya ukutani, na kama mafundi wako wa boma hawakuviacha, atakwambia mbadala wake. Asiyejua atakwambia uzito wa mabati unatosha kulishikilia.

Huenda mwishowe ukamkuta fundi mzuri ambaye hana kampuni wala CRB. Nisikufiche, nyumba nyingi za kuishi katika nchi hii zimepauliwa na mafundi wa namna hiyo, na baadhi yao ni mabingwa ambao mimi mwenyewe nimejifunza kwao. Sheria inawatambua makandarasi waliosajiliwa, kwa hiyo njia salama ni fundi huyo afanye kazi chini ya kampuni iliyosajiliwa kwa kweli. Ukimpima, mwombe cheti cha VETA cha useremala. VETA wana pia utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa waliojifunzia kazini, kwa hiyo kukosa kukaa darasani si kisingizio tena. Mwombe kitambulisho cha taifa na mtu wa serikali ya mtaa anayemfahamu. Lakini ujue kwamba akifanya kazi peke yake, nje ya kampuni, kwake hakuna WCF, na akianguka yeye au msaidizi wake, mzigo utaanza na wewe. (Kwa wasomaji wa Kenya: mamlaka yenu ni NCA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na uzuri wake ni kwamba inawatambua hata mafundi mmoja mmoja, si kampuni peke yake. Waombeni kadi.)

Ukishamchagua, mambo yaandikwe. Vifaa nunua mwenyewe dukani au kiwandani, risiti ibaki na jina lako. Ufundi ulipe kwa hatua: kenchi zikisimama, papi zikiisha, mabati yakikamilika. Advansi kubwa kabla mtu hajakanyaga saiti usiitoe. Asilimia 10 ya ufundi ibaki mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite, kisha mdogo wako apande darini aangalie. Andika kwamba kazi ya juu inasimama kukiwa na mvua au upepo mkali na siku hizo hazihesabiwi kuwa kuchelewa, kwa sababu mkandarasi anayekimbizana na tarehe ndiye anayewapandisha watu kwenye mbao zilizoloa. Andika kwamba hakuna atakayepanda ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya WCF, na orodha yenyewe ibanwe nyuma ya mkataba. Na andika kwamba bati likiharibika kwa upepo ni hasara ya kazi, halikatwi kwenye posho ya kijana. Sentensi hiyo ya mwisho huwa naiweka kwenye kila mkataba ninaouandika.

Sasa huyu wa miaka 12 bila ajali. Inawezekana ni kweli, sitaki kumhukumu kwa maneno ya jirani. Mpigie, usimwandikie. Mwambie hivi: "Nimesikia kuna kijana aliumia kwenye saiti yenu Mbagala. Ilikuwaje, na baada ya pale mlibadilisha nini?" Halafu nyamaza umsikilize.

Akianza na "alikuwa mlevi," au "vijana wa siku hizi wazembe," au "ni mipango ya Mungu," akaishia hapo, umeshapata jibu lako. Akisema hakuna kitu kama hicho, mwombe mwenye nyumba ile ya Mbagala azungumze na mdogo wako. Lakini kuna jibu la tatu. Mkandarasi mmoja niliyemuuliza swali hili alikaa kimya kidogo, kisha akanitajia jina la kijana, mkono uliovunjika, hospitali aliyolazwa na wiki alizokaa nyumbani huku akilipwa. Akanipeleka nyuma ya gari lake akanionyesha ngazi zake. Kila moja ilikuwa na kamba iliyofungwa moja kwa moja kwenye kipandio cha juu, isiyofunguliwa, ili asiwepo wa kusema amesahau kamba. Kijana yule alikuwa amerudi kazini, na siku ile alikuwa yeye ndiye anayekagua ngazi kabla mtu hajapanda. Nilimpa kazi huyo ingawa hakuwa wa bei nafuu.

Wa kwako akijibu namna hiyo, mpeleke mdogo wako saiti kwake wiki hii. Akikukatia simu, bado una makadirio mawili mezani.